Kondoo Mfu Aliyejua Kiswahili

YUSUFU: Karibu tena, msikilizaji. Leo tumewahi kurekodi kwa sababu jirani ana kazi ya kuchomelea mageti, na tukichelewa mtasikia grenda badala ya sisi. Mimi ni Yusufu, na hapa ubavuni yuko mwalimu wangu wa historia wa kidato cha tatu, ambaye hadi leo nikimwona mkono unaanza kutafuta daftari. Shikamoo, Bi Salma.

BI SALMA: Marahaba, mwanangu. Na hilo daftari hukuwahi kulijaza.

YUSUFU: Haya, tumeanza. Jamani, juzi usiku wa manane simu inaita, ujumbe kutoka kwa Bi Salma, maneno mawili tu: "Kondoo mfu." Nikasema basi, mwalimu wangu kapatwa na jambo.

BI SALMA: Si uliniuliza tuanzie wapi habari ya mawaziri wa Uingereza na wapinzani wanaowakabili? Hapo ndipo pa kuanzia. Tarehe 14 Juni 1978, Bunge la Makabwela, London...

YUSUFU: Ngoja kwanza. Bunge la Makabwela! Vijana wa leo hawalijui hilo neno.

BI SALMA: Ndivyo tulivyokuwa tukisikia redioni, Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Bunge la waliochaguliwa na wananchi ni la Makabwela, lile la malodi ni la Mamwinyi. Tafsiri tamu kweli, ingawa hao makabwela wengine wana majumba ya vyumba ishirini huko mashamba. Sasa siku hiyo Waziri wa Fedha ni Denis Healey wa chama cha Labour. Mtu wa miraba minne, uso mwekundu, nyusi zimemjaa kama kichaka cha mikoko. Vita vya Pili vilimkuta afisa wa jeshi, alikuwepo wanajeshi waliposhuka pwani ya Anzio, Italia. Huyo hatishiki.

YUSUFU: Na upande wa pili?

BI SALMA: Upande wa pili Geoffrey Howe wa Conservative, Waziri Kivuli wa Fedha. Mwanasheria kutoka Wales, mpole, sauti ya chini, ukimsikiliza baada ya chakula cha mchana unasinzia. Howe kaisema vibaya bajeti ya Healey, kwa takwimu, kwa utaratibu, kwa ile sauti yake. Healey akainuka kujibu, akasema kushambuliwa na bwana huyu ni sawa na kuraruliwa na kondoo mfu.

YUSUFU: [anacheka] Kondoo mzima tu hana la kumfanya mtu, sembuse aliyekufa!

BI SALMA: Bunge zima likaangua kicheko. Na jina likamganda. Howe alikaa kwenye siasa miaka mingine mingi, akawa waziri mkubwa kuliko wengi waliomcheka, lakini kila gazeti likimwandika, kondoo yumo.

YUSUFU: Kabla hatujaenda mbali. Msikilizaji wetu wa Dodoma analijua neno waziri kivuli, maana tumelirithi hukohuko. Wa Kenya tangu Katiba ya 2010 mawaziri wao hawatoki bungeni tena, kwa hiyo kwao ni hadithi ya zamani. Tueleze kidogo huko Uingereza kivuli kinafanyaje kazi.

BI SALMA: Kila waziri ana mtu wake upande wa pili. Waziri wa Fedha ana kivuli chake, wa Mambo ya Nje ana chake, wa Afya, wa Elimu, mpaka huko chini kwa manaibu. Kazi ya kivuli ni kumfuata. Waziri akitoa kauli bungeni, kivuli ndiye wa kwanza kujibu. Kwa hiyo anasoma anachosoma waziri, anakesha waziri anapokesha. Na mimi neno hili huwa linanichekesha kwa Kiswahili, kwa sababu kivuli kwetu ni neema. Unakaa chini ya mwembe, unapunga upepo. Waziri kivuli hana huo mwembe.

YUSUFU: Na hana mshahara wa ziada.

BI SALMA: Hana! Hapo watu huwa hawaamini. Kiongozi wa Upinzani analipwa na serikali, sheria ya mwaka 1937 ndiyo iliyoanzisha, pauni 2,000 kwa mwaka, na wa kwanza kuzipokea ni Clement Attlee. Mnadhimu Mkuu wa Upinzani, yule anayesimamia kura za wabunge wa chama, naye analipwa. Lakini kivuli wa Fedha, wa Mambo ya Nje, hao wote wanabaki na mshahara wa mbunge tu. Tangu 1975 vyama vya upinzani vinapewa ruzuku ya kuendeshea kazi zao bungeni. Inasaidia kuajiri vijana wawili watatu wa kuchimba takwimu.

YUSUFU: Wakati waziri mwenyewe ana wizara nzima nyuma yake.

BI SALMA: Tena nyuma yake kwelikweli. Kando ya kiti cha Spika kuna kijisehemu wanakaa maofisa wa wizara. Waziri akikwama, kikaratasi kinapita mkono kwa mkono mpaka kinamfikia. Kivuli akikwama, anamwangalia mwenzake aliye pembeni, naye mwenzake anaangalia dari.

YUSUFU: Mimi picha ya ule ukumbi ndiyo inayonivutia. Viti viwili virefu vinatazamana, si nusu duara kama mabunge mengi. Na zulia lina mistari miwili myekundu, mbunge akihutubia haruhusiwi kuuvuka wa upande wake. Wanasema umbali kati ya mistari ni panga mbili na kidogo.

BI SALMA: Wanasema. Kumbukumbu ya wabunge kuruhusiwa na panga humo ndani haipo, lakini chumbani wanakoacha makoti mpaka leo kila mbunge ana utepe wa kutundikia upanga wake. Mahali pa kuning'iniza silaha ambayo hakuna mwenye nayo! Waingereza hao.

YUSUFU: Na ukumbi wenyewe si wa kale kama unavyoonekana.

BI SALMA: Sio. Ndege za Wajerumani ziliuteketeza Mei 1941. Wakajadiliana waujenge vipi, Churchill akasema mwaka 1943 wauache vilevile: mstatili, viti vinatazamana, na uwe mdogo usiotosha wabunge wote. Ukafunguliwa 1950. Viti vya kukaa ni 427, wabunge 650. Siku ya moto wengine wanasimama mlangoni kama daladala ya saa kumi na mbili. Lile sanduku la mbao analoegemea waziri, na lile la kivuli mkabala wake, ni zawadi kutoka New Zealand.

YUSUFU: Nikifikiria ukubwa wa ile nafasi, hao wawili wanaweza kuhesabiana mvi.

BI SALMA: Ndiyo maana yangu. Wewe unadhani wanaochukiana ni hao wawili. Kaa kwanza tuongee habari ya Howe, halafu utaniambia.

YUSUFU: Haya, twambie. Maana kichwa cha kipindi umekiandika wewe: Kondoo mfu aliyejua Kiswahili.

BI SALMA: Alijua! Baada tu ya Vita vya Pili, Howe kijana, luteni wa kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Kiingereza, aliletwa huku Afrika Mashariki kumalizia utumishi wake. Kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa akiwahutubia askari wa Kiafrika kwa Kiswahili, mihadhara ya siasa, kwamba waukimbie ukomunisti na wabaki watiifu kwa Bwana Kingi Joji.

YUSUFU: Bwana Kingi Joji! [anacheka] Hicho ni Kiswahili cha Keya hasa.

BI SALMA: Kiswahili cha kambini, amri na salamu. Hebu mfikirie. Kijana wa miaka ishirini hivi kutoka Port Talbot, mji wa viwanda vya chuma, amesimama juani, mbele yake watu waliopigana Burma, wengine wamepoteza ndugu, anawaeleza kwa ile sauti yake ya chini ubaya wa Stalin. Natamani ningepata hata barua moja ya askari aliyekuwa kwenye ule mstari.

YUSUFU: Walisinzia kama Waingereza.

BI SALMA: Kwa heshima zote, nadhani walisinzia kabla ya Waingereza. Na Kilimanjaro aliupanda. Kwa hiyo huyo kondoo aliukwea mlima kabla kilele hakijaitwa Uhuru.

YUSUFU: Sasa rudi London. 1979 mambo yamegeuka.

BI SALMA: Mei 1979 Conservative wameshinda, Thatcher Waziri Mkuu, Howe Waziri wa Fedha. Na kivuli chake nani? Healey! Wamebadilishana viti tu. Yule aliyekuwa na maofisa na vikaratasi sasa hana, na yule kondoo anapandisha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 8 hadi 15 na kushusha kodi ya mapato ya matajiri kutoka asilimia 83 hadi 60. Halafu 1983 Howe akahamishiwa Mambo ya Nje. Akafika pale, akatazama mbele, kivuli wa Mambo ya Nje ni nani?

YUSUFU: Usiniambie.

BI SALMA: Healey tena! Akasimama akampongeza kwa wadhifa mpya. Howe naye akajibu kwamba kupongezwa na Healey ni kama kupapaswa kwa pua na beberu mzee. Beberu wa kondoo, si wa mbuzi. Alisubiri miaka mitano kulipa.

YUSUFU: Healey akasemaje?

BI SALMA: Alijibu, na jibu lake halisemeki hapa, kuna watoto wanasikiliza. Nenda katafute mwenyewe.

YUSUFU: Sawa. Lakini Bi Salma, mimi hapa nakupinga. Hawa wawili walikuwa watani. Wewe unachukua watani wawili unasema ndio utaratibu. Wapo waliochukiana kwelikweli. Gladstone na Disraeli je?

BI SALMA: Enhe, sema, nimekuruhusu.

YUSUFU: Desemba 1852. Disraeli ni Waziri wa Fedha, bajeti yake inajadiliwa mpaka usiku mkubwa, nje radi zinapiga. Anamaliza kuhutubia saa saba usiku, kila mtu anajua sasa ni kura tu, waende kulala. Gladstone anainuka bila kutarajiwa, anaanza kuichambua ile bajeti kifungu kwa kifungu, watu wa Disraeli wanamzomea, hasikii. Kura zikapigwa: 305 dhidi ya 286, bajeti imekufa, na serikali imekufa nayo. Na Waziri wa Fedha mpya akawa huyohuyo Gladstone.

BI SALMA: Hapo ndipo kwenye joho.

YUSUFU: Umenipora! Ndiyo, joho. Waziri wa Fedha ana joho lake rasmi, jeusi lenye nyuzi za dhahabu, linarithishwa kutoka waziri hadi waziri. Gladstone akamwandikia Disraeli: naomba joho. Disraeli alikuwa anaamini lile joho lilishonwa enzi za Pitt, Waziri Mkuu wa zamani, hataki kuliachia. Akajibu habari ya samani: nyumba ya Downing Street nimeinunulia samani, unilipe kwanza. Wakaandikiana barua baridi mpaka mwisho kila mmoja anamtaja mwenzake kama mtu wa tatu: Bwana Gladstone anamjulisha Bwana Disraeli.

BI SALMA: Kama mume na mke waliogombana, wanatumana kupitia mtoto: mwambie baba yako chakula kiko mezani.

YUSUFU: Hasa! Na joho hakulitoa. Mpaka leo liko Hughenden, nyumbani kwake Disraeli, watu wanalipa kiingilio kulitazama. Gladstone ikabidi ashone lake.

BI SALMA: Nakubali, hao walichukiana. Disraeli alipofariki 1881, Gladstone ndiye Waziri Mkuu, ikampasa atoe bungeni hotuba ya kumsifu marehemu. Katika kuiandaa tumbo lilimchafuka vibaya. Miaka thelathini ya uadui, unaambiwa sasa tafuta mazuri yake, useme mbele ya Bunge zima.

YUSUFU: Kwa hiyo nimeshinda.

BI SALMA: Umeshinda moja. Sasa sikiliza ya fundi umeme na fundi cherehani, halafu tuhesabu mabao.

YUSUFU: Hii siijui.

BI SALMA: Tarehe 28 Machi 1979, kabla ya ule uchaguzi. Labour iko madarakani lakini haina wingi wa viti, na Thatcher, wakati huo Kiongozi wa Upinzani, ameleta hoja ya kutokuwa na imani na serikali. Kila kura inahesabiwa kwa vidole. Wanaohesabu ni wanadhimu. Naibu Mnadhimu wa serikali ni Walter Harrison, mbunge wa Wakefield, fundi umeme kwa asili. Naibu Mnadhimu wa upinzani ni Bernard Weatherill, ametoka kwenye familia ya mafundi cherehani wa London. Huyu Weatherill mfukoni mwake alikuwa na kastabini, anaibeba asije akasahau alikotoka.

YUSUFU: Kastabini, kile kikofia cha kuvaa kidoleni.

BI SALMA: Umefaulu. Sasa hawa wawili kazi yao ya kila siku ni kuwindana. Lakini pia ni kupatana, kwa sababu kuna desturi ya jozi. Mbunge wa serikali akiugua au akisafiri, anatafutiwa mmoja wa upinzani naye asipige kura, hesabu inabaki palepale. Haimo kwenye sheria yoyote. Ni neno la mtu na neno la mtu.

YUSUFU: Na usiku huo kuna mgonjwa.

BI SALMA: Kuna Sir Alfred Broughton, mbunge wa Labour wa Batley na Morley, mwenyewe daktari, yu mahututi. Alikuwa tayari kuletwa kwa gari la wagonjwa mpaka uani kwa Bunge, maana mgonjwa akifika kwenye viwanja kura yake inahesabiwa. Wakubwa wa chama wakaona atafia njiani, wakamwacha nyumbani. Harrison akamwendea Weatherill: tulikubaliana mgonjwa atapewa jozi, nipe mtu. Weatherill akamwambia, ndugu yangu, jozi haikuwekwa kwa kura kama hii, hakuna hata mmoja wa chama changu atakayekubali usiku wa leo. Akanyamaza. Kisha akasema: lakini neno nililitoa mimi, basi asiyepiga kura nitakuwa mimi.

YUSUFU: Naibu Mnadhimu! Siku ya kuiangusha serikali!

BI SALMA: Angemalizika kisiasa asubuhi yake. Na Harrison alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani, kwa sababu kazi yao ni moja. Akamwangalia, akamwambia hapana, sikubebeshi hilo. Akamfungua kwenye ahadi. Wakaenda kuhesabu.

YUSUFU: Ikawaje?

BI SALMA: 311 kwa 310.

YUSUFU: Kura moja.

BI SALMA: Moja. Na kulikuwa na Frank Maguire, mbunge huru kutoka Ireland Kaskazini, mwenye baa, amesafiri mpaka London siku hiyo, na alipoulizwa akasema amekuja kujizuia kupiga kura ana kwa ana.

YUSUFU: [anacheka sana] Nauli yote ile!

BI SALMA: Broughton akafariki siku chache baadaye. Serikali imeanguka, Thatcher ameingia, ameshika miaka kumi na moja na ushee. Weatherill akaja kuwa Spika mwaka 1983. Sasa wewe nitafutie ndani ya chama cha Harrison mtu ambaye angemfanyia alichotaka kufanya yule adui.

YUSUFU: Hapo naanza kukuona unakokwenda. Kikulacho ki nguoni mwako.

BI SALMA: Umeisema mapema, lakini ndiyo. Turudi kwa watu wetu. Healey, baada ya kushindwa 1979, alitaka uongozi wa Labour. Novemba 1980 wabunge wa chama chake mwenyewe wakampa Michael Foot kura 139, yeye 129. Mwaka uliofuata Tony Benn, wa Labour vilevile, akagombea naye hata ule unaibu wa kiongozi aliobaki nao. Septemba 1981 Healey akaponea kwenye tundu la sindano, tofauti haikufika asilimia moja. Miaka yote ile alisimama mbele ya Conservative hawakumtoa jasho kama lililomtoka siku hiyo mbele ya wenziwe wa Labour.

YUSUFU: Na Howe?

BI SALMA: Howe ndiyo yenyewe. Kamtumikia Thatcher tangu siku ya kwanza. Fedha miaka minne, Mambo ya Nje miaka sita. Julai 1989 Thatcher akamwondoa Mambo ya Nje. Akampa cheo cha Naibu Waziri Mkuu, kisha wasaidizi wakawanong'oneza waandishi kwamba cheo hicho hakina kitu ndani. Na vikaoni anamkatiza mbele za watu. Kufikia 1990, katika mawaziri wote walioanza naye 1979 alibaki Howe peke yake. Tarehe 1 Novemba akajiuzulu. Na watu bado wanasema, ah, kondoo.

YUSUFU: Halafu tarehe 13.

BI SALMA: Tarehe 13 Novemba 1990. Sisi huku bara televisheni hatukuwa nayo, mimi nilisikia redioni, nikiwa nasahihisha mitihani. Waingereza walimwona, maana kamera zilikuwa zimeruhusiwa mle ukumbini mwaka mmoja tu nyuma. Howe kasimama, safari hii si pale kwenye sanduku la New Zealand. Kasimama viti vya nyuma, upande wa serikali, Thatcher amekaa mbele yake kidogo, hawezi hata kumtazama bila kugeuza shingo. Sauti ileile ya chini. Akasema kujadiliana na Ulaya chini ya mama huyu ni kama kuingia kiwanjani kwenye kriketi, mpira wa kwanza unarushwa, ndipo unagundua magongo yenu yamevunjwa kabla ya mchezo, na aliyeyavunja ni nahodha wenu.

YUSUFU: Duh.

BI SALMA: Hakuna aliyezomea. Upinzani wamepigwa na butwaa kama wengine. Mwisho akasema wakati umefika kwa wengine nao kutafakari watafanya nini. Kesho yake Michael Heseltine, wa chama chao hichohicho, akatangaza kugombea uongozi wa chama dhidi ya Thatcher. Tarehe 20 kura: Thatcher 204, Heseltine 152, zilimpungukia nne tu za kumaliza shauri raundi ya kwanza. Tarehe 22 akatangaza anaondoka. Neil Kinnock, Kiongozi wa Upinzani, alikuwa akimkabili mama huyo tangu 1983, maswali kila Jumanne na Alhamisi, na uchaguzi wa 1987 juu yake. Hakumtikisa. Yule kondoo alitumia kama dakika ishirini.

YUSUFU: Kwa hiyo ulipokuwa unasema umbali wa panga mbili...

BI SALMA: Umbali unaangaliwa kwa mbele. Nyuma hakuna mstari kwenye zulia.

YUSUFU: Lakini Bi Salma, bado nina kipingamizi. Huo urafiki wa mbele una ubaya wake. Mwaka 1954 gazeti la The Economist lilibuni mtu, likamwita Butskell: nusu Butler, Waziri wa Fedha wa Conservative, nusu Gaitskell wa Labour aliyemtangulia. Maana yake sera zao zimefanana hata huwezi kujua nani ni nani. Mpiga kura akiona waziri na kivuli chake ni kitu kimoja, atasema nampigia nani sasa? Si anaenda kutafuta watu wa nje ya huo ukumbi?

BI SALMA: Hapo umesema kweli, na sitaki kukujibu kwa haraka. Mimi nilifundisha miaka mingi kwamba upinzani ni lazima upinge. Nikaja kuona wapo wanaopinga mpaka hujui wangefanya nini wao. Na wapo wanaokubaliana mpaka hujui wako pale kwa nini. Healey na Howe walitofautiana kwenye mambo mazito hasa: kodi, vyama vya wafanyakazi, bajeti ya 1981 ambayo wachumi 364 walitia saini kuipinga. Utani haukufuta hayo.

YUSUFU: Na kanuni zenyewe zinalazimisha adabu. Huwezi kumwambia mbunge mwenzako mwongo.

BI SALMA: Huwezi. Dawn Butler wa Labour alitolewa nje Julai 2021 kwa kusema Boris Johnson, Waziri Mkuu wa wakati huo, kadanganya. Na huwezi kumwambia "wewe", unasema na Spika. Hata yule kondoo mfu alipita kwa Spika kwanza. Nadhani ndiyo maana matusi yao yana ufundi, kama watani wa jadi msibani. Njia ya mkato imefungwa.

YUSUFU: Tuje karibu na leo kidogo, grenda imeanza kule. George Osborne na Ed Balls.

BI SALMA: Hao ni wako, mimi niliwachoka.

YUSUFU: Osborne Waziri wa Fedha kuanzia 2010, Balls kivuli chake kuanzia 2011. Balls kila Osborne akisimama, yeye kwenye kiti anatandaza kiganja taratibu hewani, uchumi umelala, haukui. Walikuwa hawapatani hata kidogo. Mei 2015 Balls akapoteza jimbo lake kwa kura 422. Mwaka uliofuata yuko kwenye televisheni anashindana kucheza dansi. Na mwaka huohuo Osborne anafukuzwa uwaziri, na nani?

BI SALMA: Theresa May. Wa chama chake.

YUSUFU: Wa chama chake! Bao lako hilo. Na 2023 hao wawili, waziri na kivuli, wameanzisha podikasti. Wanakaa meza moja wanaelezana nani alimfanyia nini nani.

BI SALMA: Wametuigiza.

YUSUFU: Wao wana matangazo ya biashara lakini. Sisi tuna jirani wa mageti. Bi Salma, hukumalizia habari ya Healey na Howe.

BI SALMA: Wote waliishia Bunge la Mamwinyi, malodi. Walizeeka wakawa marafiki kabisa, wanatajana kwa ucheshi kila wakihojiwa. Healey alifariki tarehe 3 Oktoba 2015, ana miaka 98. Magazeti ya London yakachapisha tena ile ya kondoo, maana ndiyo iliyokuwa maarufu kuliko zote alizosema.

YUSUFU: Na Howe akaisoma tena.

BI SALMA: Sijui kama aliwahi kuisoma. Tarehe 9 Oktoba naye akafariki, miaka 88. Siku sita.

YUSUFU: Siku sita tu?

BI SALMA: Sita. Wahariri wakalitoa lilelile tena, safari hii upande wa pili.

YUSUFU: Kivuli kikamfuata.

BI SALMA: Nani kivuli cha nani, hapo tutakesha. Haya zima, huyo jirani hatuwezi kushindana naye.

YUSUFU: Msikilizaji, wiki ijayo saa hizihizi, tukijaliwa. Bi Salma, asante sana.

BI SALMA: Asante nawe, baba. Na daftari uje nalo.